Katra: Tatizo Si Kifurushi

Msimu wa hija ukikaribia, naulizwa swali lile lile: ninunue kifurushi gani ili simu yangu ishike Katra? Hakuna kifurushi cha namna hiyo. Na muuza vocha anayekujibu kwa kukutajia bei anakula pesa yako bure.

Katra ni mji mdogo chini ya milima ya Trikuta, huko Jammu na Kashmir, India. Hapo ndipo Wahindu wanaomwendea mungu wa kike Vaishno Devi huanza kupanda kwa miguu, kilomita 13 hivi hadi hekaluni. Treni kutoka Delhi ikishaiacha Pathankot na kuingia Kathua, laini ya malipo ya kabla iliyosajiliwa nje ya Jammu na Kashmir hukata mawasiliano. Minara ipo. Abiria wa kiti cha pili mwenye laini ya malipo ya baada anaendelea kuzungumza kama kawaida.

Basi ushauri unamiminika: jiunge na kifurushi cha siku 84, nunua cha kutumia nje ya mkoa, zima simu uwashe, chagua mtandao kwa mkono, hamia kampuni ya simu ya BSNL kwa kuwa ni ya serikali. Yote haya hayasaidii kitu, na sababu yake inaeleweka kirahisi. Simu hujitambulisha kwa mtandao kwanza, ndipo ikaruhusiwa kupiga. Salio huulizwa baadaye kabisa. Laini ya malipo ya kabla kutoka Delhi au Mumbai hukataliwa pale pale kwenye utambulisho, iwe ya Jio, Airtel, Vi au BSNL. Kuiongezea vocha ni kulijazia mafuta gari lililosimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani.

Kizuizi hicho ni amri ya serikali, kwa hoja ya usalama. Mwenye laini ya malipo ya baada hutumiwa ankara, kwa hiyo anajulikana alipo. Vocha hununuliwa na yeyote. Novemba 2009 Delhi ilipiga marufuku hata laini za malipo ya kabla za wenyeji, ikidai wateja hawahakikiwi ipasavyo, kisha ikalegeza Januari 2010. Mawasiliano yalipozimwa Agosti 2019, simu za malipo ya baada katika Bonde la Kashmir zilirudishwa Oktoba. Za malipo ya kabla zikangoja hadi Januari 2020. Kwa historia hiyo, sioni kwa nini mtu aamini kwamba rupia mia mbili za ziada zitamfungulia njia. Kinachowapotosha wengi ni kwamba kwingineko India gharama za kutumia laini nje ya mkoa wake zimeondolewa, wakadhani kutolipishwa na kuruhusiwa ni jambo moja.

Ufanye nini? Kama unaishi India, igeuze laini yako kuwa ya malipo ya baada kabla ya safari, namba haibadiliki. Kama ni mgeni uliyenunua laini uwanja wa ndege wa Delhi, tafuta laini ya wenyeji Jammu au Katra, duka rasmi, pasipoti mkononi, na hesabu siku: vifurushi vingi viitwavyo vya mwezi ni vya siku 28. Ukiweka laini mpya, WhatsApp ibaki na namba ya zamani. Wi-Fi ya hoteli inatosha kwa ujumbe, lakini namba za uthibitisho za benki zinazokuja kwa SMS hazitakufikia, kwa hiyo beba fedha taslimu za malazi na za farasi wa kupandia mlima. Katika kundi, mmoja awe na laini ya malipo ya baada, na namba yake iandikwe kwenye karatasi mfukoni mwa kila mzee na kila mtoto. Kubalianeni mahali pa kukutana kabla hamjaanza kupanda, maana njia ile hujaa watu mchana na usiku.