Koleo gani la kubana lagi litakufaa?

Msikilizaji, wavuvi wengi wa dagaa hapa kwetu, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, wameacha karabai na sasa wanatumia taa za betri. Waya mnene wa betri ukisokotwa tu kwa mkono, kiungo hulegea, hupata joto na huweza kushika moto mkiwa ziwani usiku.

Dawa yake ni lagi, kile kichwa cha shaba, ibanwe kwa kifaa chake. Kipo cha kugonga kwa nyundo: ndicho cha bei nafuu, na kinamtosha mwenye mtumbwi mmoja au miwili. Koleo la mikono mirefu hubana haraka zaidi. La haidroliki, lenye pampu ya mafuta, hubana kwa nguvu kubwa lakini ni ghali. Tunashauri kikundi kichangie.

Kabla ya kulipa, soma vipimo. Waya wa milimita 16 za mraba unataka lagi ya 16, na koleo lenye nafasi ya 16. Mwombe muuzaji abane moja mbele yako, kisha uivute kwa nguvu. Ikichomoka, rudisha pesa yako mfukoni.