Cheti Kinasema Nimonia

Mzee wa mtaa wa Tena, Eastlands ya Nairobi, aliyekohoa miaka kumi akifariki, mara nyingi familia huondoka na cheti kinachosema nimonia. Huenda kweli ni nimonia iliyommaliza wiki ile ya mwisho. Lakini mapafu yake yalikuwa yamechakaa zamani, na hilo halikuandikwa popote. Fomu ya daktari ya sababu za kifo ina mistari kadhaa: wa juu ni wa kilichoua siku ile, wa chini kabisa ni wa maradhi yaliyoanzisha yote. Takwimu hujengwa juu ya huo wa chini. Ukiachwa mtupu, ugonjwa sugu wa mapafu hutoweka katika hesabu ya taifa.

Anayefia nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, ambaye si daktari na huandika anachoelezwa na jamaa: alikuwa na kifua. Mwaka 2016 na 2017 nimonia iliongoza orodha ya vifo vilivyosajiliwa Kenya, zaidi ya 21,000 kila mwaka. Naamini wamo humo wengi ambao hawakuwahi kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Kwa hiyo mwelekeo wa miaka mingi tunausoma zaidi katika makadirio ya kimataifa. Hayo yanasema magonjwa sugu ya mfumo wa upumuaji, hasa pumu na ugonjwa wa njia za hewa kuziba polepole, yaliua watu milioni 4 duniani mwaka 2019. Tangu 1990, idadi ya vifo ilipanda kwa asilimia 28.5, ilhali kiwango, kikishasawazishwa kwa umri, kilishuka kwa asilimia 41.7. Yote mawili ni kweli. Mtu wa miaka 65 leo ana hatari ndogo kuliko wa umri huohuo mwaka 1990, ila watu wa miaka 65 wameongezeka mno.

Hapo ndipo Eastlands inapohusika. Umoja, jirani wa Tena, ilijengwa na Baraza la Jiji katika miaka ya 1970. Aliyehamia mtaa huo akiwa na miaka 30 sasa anakaribia 80. Wengi wa rika lake walilelewa vijijini, katika jiko lenye mafiga na moshi wa kuni, kisha mjini wakapikia makaa au mafuta ya taa. Wengine waliugua TB wakapona, na TB iliyopona huweza kuacha makovu yanayobana pumzi maisha yote. Ongeza vumbi na moshi wa magari wa Outering Road. Ongeza jaa la Dandora, lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na bado likapokea taka. Mwaka 2007 utafiti wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa uliwapima watoto 328 wa karibu na jaa hilo, na karibu nusu walikuwa na magonjwa ya upumuaji. Watoto hao sasa ni watu wazima. Madhara ya mapafu huchukua miongo kujitokeza, kwa hiyo vifo vyao, ikiwa vitakuja, bado havimo katika jedwali lolote.

Moshi wa jikoni nao huumiza polepole vivyo hivyo. Ndiyo maana niliichukia sana kodi ya gesi ya kupikia. Mwaka 2021 serikali iliitoza asilimia 16, ikaja kuiondoa 2023. Kwa aliyeshindwa kununua gesi, miaka miwili ya jiko la makaa katika chumba kimoja si jambo dogo kwa mama anayekohoa.

Kituo cha utafiti cha APHRC kilianza kufuatilia wakazi wa mitaa ya Korogocho na Viwandani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu alipokufa, wahojaji waliwauliza jamaa dalili zilivyoanza, na madaktari walitafuta chanzo. Kwingine kazi hiyo huangukia familia yenyewe. Daktari anapojaza fomu, mwambieni kikohozi kilianza mwaka gani, kama mgonjwa aliwahi kupuliza kwenye kipimo cha mapafu, na kama alitumia inhela. Mwulizeni ameandika nini kwenye mstari wa chini.