Peleka Faili la Asili, Hata Likikesha Njiani

Kazi nzuri ya video huharibika mara nyingi katika hatua ya mwisho kabisa, pale fundi anapochoka kusubiri na kulibana faili ili lipande haraka. Mimi ni mhariri wa video Sinza, Dar es Salaam. Nahariri harusi, filamu fupi na makala za mashirika, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwanzia na jambo hili: kwenye huduma ya kusimba video tunapakia faili la asili, si nakala yake nyepesi.

Huduma hizo, mojawapo MediaConvert ya Amazon, ni kompyuta za kukodi zilizo mbali. Unazipa video moja nzito, zinakurudishia nakala kadhaa: 240p kwa simu yenye mtandao dhaifu, kisha 480p, 720p, hadi 1080p kwa runinga kubwa. Kwa utaratibu wa HLS, ambao Apple iliuleta mwaka 2009, kila nakala hukatwa vipande vya sekunde chache. Abiria wa daladala anayetazama filamu anaona picha inafifia mtandao unaposhuka, lakini haikatiki, kwa sababu simu yake imeanza kuchukua vipande vya nakala nyepesi zaidi. Mtandao ukikaa sawa, picha inarudi kung'aa.

Nakala zote hizo zinatoka kwenye faili lile moja ulilopeleka. Likiwa bovu, zote zitakuwa bovu.

Kubana video ni kutupa baadhi ya taarifa zake. Programu huacha tofauti ndogondogo za rangi na mwendo ambazo jicho halizigundui upesi. Ukuta mweupe nyuma ya mzungumzaji hauisumbui. Kinachoisumbua ni kanga zinazopepea, mawimbi yanayopasuka pale Coco Beach, shanga za gauni la bibi harusi, noti zinazomwagika wakati wa kutunza. Hapo karibu kila nukta inabadilika katika kila fremu, na nafasi ikiwa ndogo picha inagawanyika vijisanduku. Ukibana nyumbani, kisha huduma ikabana tena, hasara inajumlishwa. Mpishi uliyempelekea chicha hawezi kuikamua tui zito, hata awe bingwa wa mji mzima. Na huduma ya kusimba, hata iwe ghali vipi, hairudishi kilichokwisha kutupwa.

Naelewa kwa nini watu wanakata tamaa. Video ya saa moja iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde ina uzito wa gigabaiti 45 hivi. Kama mtandao wako unapandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba, faili hilo litachukua saa 10. Na kasi inayotangazwa kwenye matangazo ya bando kwa kawaida ni ya kushusha. Ya kupandisha huwa ndogo zaidi. Pima hiyo ya kupandisha kabla hujamwahidi mteja siku ya kumkabidhi kazi yake.

Saa 10 zinavumilika ukijua namna ya kupakia. Usitegemee ukurasa wa kivinjari ambao ukijifunga kila kitu kinaanza upya. Tumia programu inayoligawa faili. Hifadhi ya S3 ya Amazon, ambamo faili huwekwa kabla ya kusimbwa, haipokei zaidi ya gigabaiti 5 kwa mkupuo mmoja. Faili kubwa huvunjwa sehemu, hadi 10,000, na seva huziunganisha zikishafika zote. Umeme ukikatika katikati ya usiku, sehemu zilizokwisha kufika zinabaki salama, na asubuhi unaendelea pale ulipoishia. Ukiamua kuachana na upakiaji huo, ufute rasmi, maana sehemu zisizounganishwa zinaendelea kutozwa ada ya hifadhi.

Faili likishafika, lihakiki. Ipo njia ya hesabu iitwayo SHA-256 inayolipatia kila faili alama yake ya herufi na tarakimu 64. Ikokotoe kwenye kompyuta yako, uilinganishe na ya faili lililofika. Zikifanana, hakuna kilichoharibika njiani. Kabla ya hapo, kadi ya kamera isifutwe, hata kama kesho kuna harusi nyingine.

Mei 2024 ilitukumbusha jinsi njia yenyewe ilivyo nyembamba. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Ndiyo maana nasisitiza hadisiki mbili zenye faili la asili, zikae nyumba mbili tofauti. Wingu, yaani hizo kompyuta za kukodi zilizo mbali, lisiwe mahali pekee pa kuhifadhia kazi ya mtu.

Faili la asili lina faida nyingine inayoonekana baada ya miaka. Usimbaji wa H.264, ambao simu nyingi hadi leo zinausoma, ulitoka mwaka 2003. HEVC ikafuata 2013, na AV1 mwaka 2018. Kila mmoja unabana vizuri zaidi ya uliotangulia. Aliyetunza faili la asili anaweza kusimba upya na kupata picha safi kwa bando dogo zaidi. Aliyebaki na nakala nyepesi peke yake atakuwa anahamisha makovu yaleyale kwenye mfumo mpya.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu tukubaliane: kupakia ni sehemu ya kazi, kama kupiga picha na kuhariri. Kuandikwe kwenye makubaliano na mteja tangu mwanzo, pamoja na bei ya bando, hadisiki na usiku wa kusubiri. Wateja wengi hawakatai wakielezwa vizuri. Wanachotaka ni sherehe yao ionekane kama ilivyokuwa, na hilo tunaweza kuwapa.