Benki Kuu na Nguvu ya Shilingi

Watu wengi wakiona bei za vitu zimepanda husema, "Wenye maduka wana tamaa." Wengine husema, "Mbona Serikali haichapishi noti nyingi, ili kila mtu apate?" Maneno hayo hayaelezi asili ya jambo. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kazi ya Benki Kuu ya Tanzania, na jinsi kazi hiyo inavyomfikia mtu aliye mbali na Dar es Salaam, kama mvuvi wa Kibirizi, au mkulima wa michikichi, au mama auzaye dagaa katika soko la Mwanga.

Kwanza yatupasa kujua fedha ni nini. Mwaka wa 1874 msafiri Mwingereza, jina lake Cameron, alifika Ujiji akaona soko ambalo watu walinunua na kuuza kwa ushanga ulioitwa sofi, mfano wa vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Soko lilipoanza, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, nao waliwapa wanunuzi kwa kubadilishana na ushanga wa namna nyingine. Soko lilipokwisha walizipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Muuzaji wa samaki aliipokea sofi kwa sababu alijua ya kuwa jirani yake naye ataipokea. Hiyo ndiyo nguvu ya fedha yoyote, yaani imani ya watu.

Sasa fikirini: kama mtu angalileta Ujiji ghafula mizigo mia ya sofi, na samaki wasiongezeke hata mmoja, ingalikuwaje? Kila muuzaji angalidai sofi nyingi zaidi kwa samaki wale wale. Mifuko ingalijaa, lakini matumbo yasingalishiba zaidi ya jana. Basi hilo ndilo jibu la wale wasemao noti zichapishwe nyingi.

Baada ya sofi zilikuja rupia, na mwaka wa 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi ile ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka wa 1919, makao yake London, nayo ilifungwa na paundi ya Uingereza. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi, Gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei, na nchi ikapata shilingi yake yenyewe. Tangu hapo mizani ikawa mikononi mwetu, na hatari yake pia.

Hatari hiyo ilionekana katikati ya miaka ya 1980. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula mali nyingi, mafuta yalikuwa ghali, bidhaa zilikuwa haba, na Serikali ilikopa sana Benki Kuu ili kulipa matumizi yake. Bei zilipanda kwa asilimia 30 hivi kila mwaka, yaani kitu cha shilingi 100 kikawa cha shilingi 130. Mtu aliyeficha shilingi 100 katika kopo hakuibiwa hata senti moja, lakini baada ya mwaka mmoja zilinunua vitu vya shilingi 77 tu kwa bei za zamani. Walioumia zaidi ni wenye mshahara na wenye akiba ndogo, maana hawakuwa na mashamba wala nyumba za kuwakinga. Sheria ya mwaka wa 2006 ikaiagiza Benki Kuu kwamba kazi yake ya kwanza ni kutuliza bei.

Je, yafanyaje? Benki Kuu ni benki ya mabenki. Haimkopeshi mkulima wala mchuuzi. Kila benki huweka kwake sehemu ya amana za watu, kama ilivyoamriwa. Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza riba yake, na Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila miezi mitatu kuitazama. Ilianza kwa asilimia 5.5; Aprili 2024 ikapandishwa hadi 6; Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75.

Benki yenye upungufu hukopa kwa benki nyingine kwa siku chache, na Benki Kuu hutaka riba ya mikopo hiyo isiwe mbali na riba yake. Fedha zikizidi, huuza hati za dhamana na kuzivuta, zikipungua, huzitoa. Riba ikipanda, mfanyabiashara hukopa kidogo, hununua kidogo, na bei hutulia. Ikishuka, watu hukopa na kujenga. Ni kama utambi wa taa: ukiupandisha mno hutoa moshi, ukiushusha mno taa huzimika. Mwaka wa 2024 bei zilipanda kwa asilimia 3 hivi tu.

Lakini riba haivui samaki. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavuliwi kwa taa, na bei hupanda. Vivyo hivyo ziwa lilipofungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, hakuna kamati ambayo ingaliweza kujaza mitumbwi. Tena mabenki yamekuwa yakitoza wakopaji karibu asilimia 15, na wengi vijijini hukopa kwa jamaa au kwa mwenye duka. Kwa hiyo badiliko la riba ya Benki Kuu huwafikia polepole sana.

Kwa sisi tulio karibu na Burundi na Kongo liko neno moja zaidi. Faranga hufika katika masoko yetu, lakini kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei au kulipa ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Sababu yake ni wazi: Benki Kuu hupima shilingi tu, na biashara ifanywayo kwa fedha nyingine haimo katika mizani yake.

Basi, walimu na wazee, watu wakilalamika juu ya bei, waulizeni kwanza: ni kitu kimoja kilichopanda, au vyote pamoja? Kikiwa kimoja, tazameni mvua, mwezi, barabara na ziwa. Vikiwa vyote, tena mwezi baada ya mwezi, jueni ya kuwa shilingi yenyewe imepungua nguvu, na hapo ndipo pa kuiuliza Benki Kuu habari ya kazi yake.