Istilahi za Pumu katika Programu za Simu

Programu ya simu ya kumwongoza kijana mwenye pumu haina budi kujaribiwa kliniki pamoja na maneno yake. Utafiti wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1991, na kufika hadi Nairobi na Eldoret, uliwaonyesha wanafunzi wa miaka 13 na 14 video za wagonjwa, maana mluzi wa kifua si lugha zote zenye jina lake.

Kwa kijana wa mjini Kayanga, Karagwe, au wa Kyerwa, azungumzaye Kinyambo nyumbani, swali "Una kifua?" laweza kumaanisha kikohozi, hata kifua kikuu, naye akijibu hilo, programu itamshauri vibaya. Twapendekeza "kifua kutoa mluzi": fungu refu, lakini laeleweka. Neno "inhela" limekwisha kuzoeleka, tusilibughudhi.