Siku Buruji Isipolia Tena

Mtu akitumikia jeshi au polisi kwa miaka ishirini, siku zake zote hupangwa na wengine. Buruji humwamsha, gwaride humkusanya, orodha ya zamu humwonyesha pahali pa kusimama, na mkubwa wake humwuliza alilofanya. Siku anaporudisha sare ghalani, hayo yote hubaki nyuma ya lango la kambi. Aghalabu hufurahi, kwani hujiona amekuwa bwana wa nafsi yake. Lakini bwana asiye na ratiba huweza kuwa mtumwa wa kila apitaye njiani.

Habari hii si ya mtu mmoja. Kati ya 1992 na 1995 Uganda ilipunguza askari zaidi ya 30,000 jeshini, na bodi maalumu iliundwa ili kuwasaidia kurudi uraiani. Waligawiwa fedha na mabati. Mabati huezeka nyumba. Hayapangi siku ya mtu.

Jirani yangu, sajini mstaafu wa polisi, ameniruhusu nisimulie mambo yake pasipo kumtaja jina. Alijifunza useremala katika karakana ya kikosi. Alipostaafu alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akanunua randa, misumeno, patasi na mbao za mvule, akajenga kibanda nyuma ya nyumba yake, karibu na barabara kuu iendayo Jinja. Kazi aliijua, na nguvu hakupungukiwa. Mwezi wa kwanza aliniambia, "Mwalimu, sasa hakuna wa kunipigia kelele."

Aliamka alfajiri kwa mazoea, akaketi barazani anywe chai. Hapo ndipo wageni walipoanza kuja. Huyu alitaka kusindikizwa hospitali, yule alitaka "afande" amwombee kwa wakubwa kituoni, wa tatu alileta maneno ya shamba na mpaka. "Maadamu sasa umepumzika," walisema. Ikifika saa nne jua limekwisha kuwa kali, naye hajashika randa. Basi husema ataanza mchana. Mchana ukawa jioni, jioni ikawa kesho.

Mwalimu mkuu wa shule moja alimwagiza madawati 30, akatoa arubuni. Siku ya kufungua shule yalikuwa tayari 11. Agizo likahamishiwa kwa fundi mwingine na arubuni ikadaiwa, nayo ilikuwa imekwisha kuliwa. Juma hilo hilo binti yake mkubwa alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Mkewe ni mama wa maneno machache. Usiku, watoto walipolala, alimwuliza, "Baba, askari wako aliyekosa kufika lindoni ulimfanya nini?"

"Nilimwandika."

"Na wewe anakuandika nani?"

Kesho yake alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kukopa, kumbe alitaka kujua jinsi waalimu wanavyopanga kazi. Nilimweleza tuliyofundishwa chuoni: mwalimu hutengeneza azimio la kazi la muhula mzima, hulikata kwa majuma, kisha kwa kila kipindi huandika andalio la somo lenye kusudi moja linaloweza kupimwa. Hasemi, "Leo nitafundisha hesabu." Husema, "Kipindi kikiisha, watoto waweze kugawanya kwa tarakimu mbili." Vivyo hivyo fundi asiseme, "Leo nitatengeneza kitanda." Na aseme, "Kabla ya saa sita nitakuwa nimeranda mbao mbili za ubavuni na kuchimba matundu yake." Kazi nzima hutisha, iliyokatwa vipande huuita mkono.

Nikamwambia pia habari za Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliyeitumikia Posta tangu 1834 hadi 1867. Kila alfajiri saa kumi na moja na nusu alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Lakini hakuitegemea nia yake peke yake: alimlipa mtumishi mzee pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe. Hata mtu mwenye nidhamu kubwa namna hiyo alijitafutia buruji.

Sajini naye alijitafutia yake. Alining'iniza rimu kuukuu ya gari katika mwembe, na mwanawe mdogo huigonga saa moja asubuhi kabla ya kwenda shule. Tangu hapo hadi saa sita baba haonekani barazani. Ajapo mgeni, mama hujibu, "Afande yuko lindoni, karibu saa nane." Wenye msiba au mgonjwa tu ndio hupitishwa.

Pili, alianzisha daftari mfano wa daftari la matukio la kituoni. Huandika saa aliyoanza, alilomaliza, na kilichomzuia. Jumamosi jioni humsomea mkewe, hata pale palipoandikwa "sikufanya kitu."

Tatu, aliitenga fedha. Arubuni ya mteja hununua mbao za mteja huyo na si sukari. Faida hukaa mbali, naye hujilipa mshahara mdogo kila juma, kama alivyolipwa serikalini kila mwezi. Na Jumapili hagusi msumeno, kwa kuwa asiye na siku ya kupumzika huiiba siku ya kazi.

Nilimwuliza afanyeje asubuhi moyo unapokataa. Alinijibu kwamba haubembelezi. Huketi akanoa patasi moja, na ikisha kupata makali, mkono wenyewe hutaka ubao. Wengi wetu hungoja hamu ije ndipo tuanze. Kwake yeye hamu huja nyuma ya kazi.

Sitasema kwamba ametajirika. Arubuni aliirudisha kwa miezi mitano, na karo aliilipa kwa mafungu mawili baada ya kumwendea mkuu wa shule na kumweleza kweli. Zipo siku zinazopotea hata sasa, na daftari huzionyesha. Lakini mwaka jana yule mwalimu mkuu aliyemnyang'anya agizo alirudi, akamwagiza madawati 10 ili amjaribu. Aliyapokea siku mbili kabla ya ahadi.

Wewe ambaye ungali umevaa sare, usingoje siku ya kuaga. Likizo ijayo, jaribu juma moja kujipangia zamu na kuishika, kisha msomee mama watoto ulichoandika. Nawe mama, usione haya kuuliza. Sajini husema kwamba katika miaka yake yote ya utumishi hakupata kuulizwa swali zito kama lile aliloulizwa chumbani mwake.