Bando laingilia biashara ya runinga Mbinga

Malipo ya kahawa yakitoka, mafundi dishi wa Mbinga, mkoani Ruvuma, huwa hawashikiki. Mkulima wa Mkumbi aliyeuza vizuri hulipa ada ya shule, huongeza mabati, kisha hufikiria dishi. Kwa miaka mingi maduka ya vifaa vya umeme yaliishi kwa utaratibu huo. Siku hizi wauzaji wanasema pesa iliyokuwa ya dishi inakwenda kwenye simu janja, tena ya mkopo.

Anayeumia kuliko wote ni mwenye kibanda umiza. Mmoja wao, aliyeanza kuonyesha muvi Mkumbi enzi za mikanda na jenereta, ana hesabu yake kichwani. Mkoa wa Ruvuma ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, alishukuru kuachana na petroli, akanunua runinga bapa na kuongeza mabenchi. Hakufikiri kwamba umeme huohuo ungeingia hadi sebuleni kwa wateja wake. Kiingilio siku ya mechi kubwa ni shilingi 500. Kwa kiasi hichohicho, anasema, kijana hununua bando la siku na kuangalia magoli yote akiwa amelala, tena bila kusukumana mlangoni.

Gharama zake hazijashuka hata kidogo. Kifurushi chenye ligi ya Uingereza hulipiwa kila mwezi, hata kama kuna wikiendi mbili tu zenye mechi za maana. Kuna leseni ya biashara, kuna ada ya hakimiliki, kuna kodi. Mvua kubwa ikinyesha picha inakata, na watu wanadai hela yao papo hapo. Kadi anayotumia ni ya matumizi ya nyumbani, jambo ambalo mkataba hauruhusu. Analijua hilo na halifichi: bei ya kibiashara, anasema, ingemfunga mwezi wa kwanza. Ni vigumu kumtetea kisheria, lakini ni vigumu zaidi kuona nani kijijini angeweza kulipa bei hiyo.

Malalamiko yake yanarudi nyuma hadi kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanzia Dar es Salaam Desemba 31, 2012 na kufuatiwa na mikoa mingine. Wananchi waliahidiwa picha safi na chaneli nyingi. Kwenye milima ya Umatengo, huku Mbinga, ahadi hiyo iligota kwenye kilima cha kwanza, kwa sababu mawimbi ya antena hayapindi kona. Aliyetaka kuona chochote alilazimika kununua dishi. Mwaka 2018 baadhi ya ving'amuzi vya kulipia viliamriwa kuondoa chaneli za bure za ndani, na waliokwishanunua wakabaki na vyombo visivyoonyesha hata taarifa ya habari ya nyumbani.

Kuhusu simu zinazochukua nafasi ya dishi, takwimu ambazo serikali huzitaja kila mara ni za laini: zilipita milioni 70 mwishoni mwa mwaka 2023. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo zinazohesabiwa ni laini, si watu. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay mwenye laini tatu, moja kwa kila mtandao unaoshika sehemu fulani ya ufuko wa Ziwa Nyasa, anahesabiwa mara tatu, na huenda bado anasikiliza matokeo ya mpira kwa redio ya betri. Takwimu hiyo haisemi intaneti inashika wapi wala bando linadumu siku ngapi.

Magazeti yameguswa kwa namna nyingine. Nakala zinazosafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, kupitia Songea, hufika wakati kurasa za mbele zimekwishazunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu alfajiri. Msomaji wa Mbinga anajua vichwa vya habari mapema kuliko zamani. Habari yenyewe ndiyo haisomi.

Vijana wenye simu na kisimamio wanarekodi harusi, mikutano ya hadhara na bei za kahawa, wakiita kazi yao televisheni ya mtandaoni. Kanuni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, ambayo baadaye ilipunguzwa. Hata hivyo YouTube haigawi pato la matangazo kwa chaneli isiyofikisha wafuatiliaji 1,000 na kiwango cha utazamaji kinachotakiwa. Kwa hiyo anayewalipa ni mwenye harusi, na habari za halmashauri au za chama cha msingi cha ushirika zinasubiri hadi apatikane mtu wa kuzilipia. Hapo ndipo pengo linapotisha: mkulima anaona magoli ya London kwa sekunde, lakini makato ya kahawa yake hayana mwandishi.

Mwenye kibanda wa Mkumbi hajafunga. Ameweka meza ya kuchaji simu na kompyuta ya kuingiza muvi zilizotafsiriwa kwenye flashi, na anakiri siku nyingine meza inamlipa kuliko skrini. Wauzaji wa ving'amuzi wanatarajia msimu mzuri utawarudisha wateja. Inawezekana, bei ya kahawa ikisimama na bando likipanda. Yeye anasema kifurushi cha mpira atakilipia mwezi hadi mwezi, na mabenchi mawili amekwishayauza.